NYUMBA YA MAREHEMU HAIUZWI NA MTU MMOJA

Katika mali zote anazoziacha mtu nyuma yake, hapana inayowafarakanisha ndugu wa tumbo moja upesi kama nyumba. Fedha huhesabika, nafaka hupimika, na mifugo hugawanyika. Tuseme mfugaji Mwislamu wa Kondoa amefariki, hakuacha deni wala wasia, na wazazi wake wamekwisha kumtangulia. Ameacha ng'ombe wanane waliolingana, mjane mmoja, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Hesabu ya Sharia hapo ni nyepesi hata kwa kijana wa madrasa: mjane ng'ombe mmoja, kila binti ng'ombe mmoja, na kila mwana wa kiume ng'ombe wawili. Zizi litakuwa limekwisha gawanywa kabla ya jua kuchwa.

Lakini kama alichokiacha ni nyumba moja ya vyumba sita, pale Chang'ombe au Majengo mjini Dodoma, yenye ukumbi mmoja, ua mmoja na mlango mmoja wa mbele, ni nani atakayechukua ukumbi, na ni nani atakayepewa ua? Ndipo watu husema: "Tuuze, tugawane." Neno hilo ni fupi, lakini ndani yake mna haki ya maiti, haki ya mjane, haki ya yatima, na mpaka aliouweka Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu, na vijana zaidi, yapasayo kufanywa kabla nyumba ya marehemu haijatiwa sokoni.

Mji uliokua juu ya nyumba za wazee

Haja ya kusema haya Dodoma imezidi. Mji huu ulikuwa kituo kidogo cha reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1910. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba uwe makao makuu ya nchi, ikaundwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia kweli. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri ya Dodoma. Na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na makao makuu yakathibitishwa kwa sheria.

Basi nyumba ambazo babu zetu walizijenga kwa udongo na mabati, wakati ambapo hapana aliyewaulizia, leo zimo katikati ya mji mkuu. Dalali huja na bei kabla hitima haijasomwa. Naye mwana mkubwa, ambaye hati iko mkononi mwake, hudhani kwamba kushika karatasi ndiko kumiliki. Hapo ndipo dhuluma inapoanzia, na mara nyingi huanza bila ya nia mbaya.

Nyumba ni ya nani?

Tangu roho ya mtu inapotoka, mali yake si yake tena, wala si ya mwana mkubwa, wala si ya ami. Ni ya warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake, baada ya kutolewa yale yanayotangulia. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake vile vile wana fungu, kikiwa kidogo au kingi. Kisha aya ya 11 na ya 12 zikayataja mafungu yenyewe. Kwa hiyo binti aliyeolewa Singida ana tofali zake katika ukuta ule sawasawa na mwana anayelala ndani yake, ingawa tofali hizo ni nusu ya zile za kaka yake.

Tukumbuke kisa cha mjane wa Saad bin Rabii, sahaba aliyekufa shahidi katika vita vya Uhud. Imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba mama huyo alimwendea Mtume (s.a.w.) pamoja na mabinti zake wawili, akashitaki kwamba ami yao amechukua mali yote ya marehemu, wala hakuwaachia kitu, nao hawataolewa pasipo na mali. Zikashuka aya za mirathi. Mtume (s.a.w.) akamwita ami yule, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho chake. Basi atakayesema leo kwamba mwanamke hana sauti katika nyumba ya marehemu, na ajue kwamba sauti ya mwanamke mmoja ilisikilizwa tangu siku zile za Madina.

Yanayotangulia kugawa

Kwanza hutolewa gharama za kumzika maiti. Pili hulipwa madeni yake, na miongoni mwa madeni hayo ni mahari ya mke ambayo hakuyamaliza kulipa. Wengi huyasahau kwa sababu mdai ni mama yao naye anaona haya kudai. Tatu hutekelezwa wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki, na hiyo theluthi yenyewe Mtume (s.a.w.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba ni nyingi. Ndipo warithi wagawane.

Na tuirudie familia yetu ya mfano, ila sasa kilichoachwa ni nyumba peke yake. Imeuzwa kwa shilingi milioni 90. Mazishi na madeni yamechukua milioni 6, na wasia kwa msikiti milioni 4. Zimebaki milioni 80. Mjane atapata thumuni, yaani milioni 10. Kila binti milioni 10. Na kila mwana wa kiume milioni 20. Jumla ni milioni 80 kamili. Hesabu hii iandikwe, isomwe mbele ya wote, na kila mmoja atie sahihi. Fedha inayogawanywa kwa mnong'ono huzaa maneno ya miaka.

Mjane na yatima

Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba ana haki ya kukaa katika nyumba aliyofia mumewe mpaka eda iishe. Mnunuzi anayekuja kupima vyumba wakati mama yu ndani na nguo za eda, amevunja adabu. Na mwana anayemfungulia mlango mnunuzi huyo amevunja zaidi.

Ama watoto wasiobaleghe, fungu lao ni amana. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kwamba mlezi hauzi nyumba au ardhi ya yatima ila kwa haja, kama chakula na matibabu, au kwa faida iliyo wazi. Na fedha ikipatikana iwekwe mbali kwa jina la mtoto, wala isichanganywe na mtaji wa duka la mjomba. Aya ya 10 ya sura ile ile imewaonya wale wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wanachokila ni moto matumboni mwao. Hakuna bei ya kiwanja inayolingana na onyo hilo.

Njia ya mahakama

Wako wasemao: "Sisi ni Waislamu, tumekwisha gawana msikitini, mahakama ya nini?" Ndugu zetu, Tanzania Bara haina makadhi wa serikali tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipowaondoa, haiko kama Zanzibar wala Kenya, ambako mahakama za kadhi zipo kwa sheria. Masheikh wetu watatusaidia kuyajua mafungu, na jambo hilo ni la lazima. Lakini aliye na uwezo wa kuuza mbele ya serikali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Njia yenyewe si ngumu. Jamaa hukutana, wakamchagua mtu mwaminifu na kuandika muhtasari wa kikao. Hupatikana cheti cha kifo. Kisha mtu yule hupeleka maombi katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokaa marehemu, ambayo ina uwezo wa kusikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila. Hutolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pasipo na pingamizi huteuliwa msimamizi. Kwa kanuni za mwaka 1971, yampasa katika muda wa miezi minne arudishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa, naye aweza kuomba aongezewe muda. Tazameni jinsi muda huo unavyokaribiana na eda ya mjane: anapotoka edani, hesabu nayo iwe tayari.

Kwa nyumba iliyosajiliwa, msimamizi huandikishwa kwanza mahali pa marehemu katika daftari la hati, ndipo aweze kumhamishia mnunuzi. Na wale ambao wazee wao waliacha karatasi za CDA, wazipeleke mapema katika ofisi ya ardhi ya jiji zithibitishwe. Wasingoje siku ya kuuza.

Msimamizi naye asijidhanie mrithi mkuu. Yeye ni mchukuzi wa amana: asijiuzie nyumba kwa bei ya chini, asimwuzie rafiki yake kwa siri, wala asiuze bila ya kuwashauri walio na mafungu. Na mnunuzi asikimbilie urahisi. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, basi anayenunua kwa mtu asiye na idhini, amenunua kesi, hakununua nyumba.

Jambo jingine ni zito. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba hazimpi mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi ili kujua ni sheria ipi itumike. Wako Waislamu wanaosali safu ya mbele, na akifa ndugu yao husimama mahakamani kudai mila, kwa kuwa mila inawapa zaidi. Dawa ni mtu kuandika angali hai, mbele ya mashahidi, kwamba yeye ni Mwislamu na mirathi yake igawanywe kwa Sharia.

Na asiyetaka kuuza?

Kuuza si lazima. Mrithi anayeipenda nyumba aweza kuwalipa wenzake mafungu yao kwa bei ya haki, nao wakatoka kwa ridhaa. Waweza pia kuipangisha na kugawana kodi kwa hesabu ile ile. Na kama mmoja anauza fungu lake kwa mtu wa nje, wenziwe wana haki ya shufaa, yaani kutangulia kulichukua kwa bei ile ile. Lisilofaa ni kuiacha nyumba bila ya hesabu mpaka warithi nao wafe na kurithiwa, na mjukuu wa Mpwapwa asijue kama ana mlango au dirisha.

Kwa hiyo twasema: kuuza kwa haraka ni dhuluma, na kukawia bila ya udhuru ni dhuluma pia. Baada ya kuzitaja hesabu hizi, Mwenyezi Mungu ameziita mipaka yake, akaahidi Pepo kwa mwenye kuishika na adhabu kwa mwenye kuivuka. Kabla hujatia sahihi karatasi ya dalali, ewe kijana, mwulize mama yako, wapigie simu dada zako, na kumbuka kwamba aliyeijenga nyumba ile aliwabeba nyote mgongo mmoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na atuwafikishe kuyarithi majumba yao bila ya kuupoteza udugu wetu. Amin.