Ngazi za Basi na Jina la Mtaalamu

Uzito wa mtaalamu haupimwi kwa wingi wa makala aliyochapisha tu, bali pia kwa jinsi wenzake wanavyoyarejea katika kazi zao. Kwa kipimo hicho, Dakta Jeremy Morris wa Uingereza (1910–2009) ana nafasi ya pekee.

Mwaka 1953, Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva wa basi la ghorofa aliketi kutwa. Kondakta wake alipanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia. Ilidhihirika kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva.

Je, haikuwezekana kwamba wanene ndio waliojichagulia udereva? Morris hakulikwepa swali hilo. Mwaka 1956 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya sare: viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Mjadala ukapamba moto, na waliouendeleza wakairejea makala ya 1953. Miongoni mwao ni Ralph Paffenbarger wa Marekani, aliyewachunguza makuli wa bandari ya San Francisco. Mwaka 1996 wawili hao walitunukiwa pamoja tuzo ya Olimpiki ya sayansi ya michezo.

Nasi tunaoshinda vitini, ofisini au kwenye usukani, tunaweza kuirejea makala hiyo kwa miguu yetu. Ngazi hazina kiingilio, na haba na haba hujaza kibaba.