Majina ya Jamaa na Hatari ya Tafsiri: Mfano wa Nchi ya Wanyiha

Mtu aendaye kuchungua habari za ukoo na ndoa huko Itaka, katika wilaya ya Mbozi, hukuta wazee wasemao Kinyiha nyumbani na Kiswahili barazani. Yeye, kwa kuwa ni mgeni, huwauliza kwa Kiswahili, nao humjibu kwa lugha hiyo hiyo. Hapo ndipo hatari ilipo. Maneno mengi ya Kiswahili yahusuyo jamaa na ndoa yalikulia pwani, chini ya sheria ya Kiislamu, na baadhi yake yamebeba hukumu za huko. Nia ya makala hii ni kuonyesha hatari hiyo kwa maneno matatu, yaani binamu, mahari na ukoo, kisha kueleza njia ya kuiepuka.

Wataalamu wa elimu ya desturi za watu waliikabili shida hii tangu zamani. Mwaka 1871 Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Marekani, alitoa kitabu kikubwa kilicholinganisha majina ya jamaa ya mataifa mengi. Aliyagawa majina hayo mafungu mawili: yale yanayomtenga baba na ndugu zake, kama ya Waingereza, na yale yanayowakusanya pamoja. Katika fungu la pili mtu huwa na baba zaidi ya mmoja, na "baba mkubwa" na "baba mdogo" wa Kiswahili ni mfano ulio wazi. Morgan alidhani kwamba majina ya namna hii ni mabaki ya ndoa za kale za watu wengi kwa pamoja. Dhana hiyo imekwisha kuachwa, lakini mgawanyo wake ungali na faida.

Tulitazame sasa neno binamu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mwana wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Kwa sheria ya Kiislamu ndoa kati ya watoto wa ndugu wawili ni halali, na katika nyumba nyingi za pwani ilipendelewa. Lakini neno lilipofika bara lilihama. Wengi huko humwita binamu mtoto wa mjomba au wa shangazi, na mtoto wa baba mdogo humwita ndugu, kaka au dada. Tena wale waliozoea Kiingereza shuleni hulitumia kwa wote, kwa sababu Kiingereza kina jina moja tu kwao. Basi swali "Je, mtu aweza kumwoa binamu yake?" lafanana na swali moja, kumbe ni matatu. Wanyiha huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Mtoto wa baba mdogo yumo katika ukoo ule ule, na mtoto wa mjomba ni wa ukoo wa mjomba. Mzee akijibu "hapana", mchunguzi hana njia ya kujua ni nani aliyekatazwa.

Neno la pili ni mahari. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe. Kwa watu wengi wa bara wafuatao ukoo wa baba, mali hutoka kwa jamaa za mume ikaenda kwa baba na jamaa za mke, nayo aghalabu ndiyo iwatiayo watoto katika ukoo wa mume. Mwaka 1931 E. E. Evans-Pritchard aliwapinga wenzake walioiita mali hiyo bei ya mke, maana mke hakununuliwa. Kiswahili kimeepukana na kosa hilo, lakini kimeleta jingine: asikiaye "mahari" aweza kudhani kwamba mpokeaji ni mke.

La tatu ni ukoo. Katika kitabu juu ya jamaa na ndoa za Afrika, kilichohaririwa na A. R. Radcliffe-Brown na Daryll Forde mwaka 1950, Monica Wilson alieleza habari za Wanyakyusa, jirani za Wanyiha, ambao hufuata baba na ambao ndoa yao ilifungwa kwa ng'ombe. Katika kitabu hicho hicho Audrey Richards alieleza habari za Wabemba wa nchi iitwayo leo Zambia, ambao hufuata mama, na ambao mume alikwenda kuwatumikia wazazi wa mke. Kiswahili huziita jamaa zote mbili ukoo, bila kuonyesha upande.

Njia ya kuiepuka hatari hii ilionyeshwa na W. H. R. Rivers mwaka 1910. Muulize mtu majina ya watu halisi, kwa kutumia maneno machache tu: baba aliyemzaa, mama aliyemzaa, mume, mke, mtoto. Ukiisha kuupanga mti wa nasaba, ndipo umwulize amwitaje kila mmoja kwa lugha yake, na amwia wajibu gani. Lakini hata njia hii yahitaji uangalifu. Mwaka 1984 David Schneider aliwaonya wenzake kwamba huenda wamechukua mawazo ya kwao juu ya damu na uzazi, wakayavika mataifa yote.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1963 sheria za kimila za makabila yafuatayo baba ziliandikwa na kutangazwa na Serikali ya Tanganyika. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikutimizwa. Tangu hapo neno la mzee likifasiriwa vibaya barazani laweza kumkosesha mjane shamba au kumhamisha mtoto ukoo. Kwa hiyo yafaa mchunguzi aandike kwanza neno la Kinyiha, kisha watu waitwao kwa neno hilo, kisha haki na wajibu wao, na mwisho kabisa neno la Kiswahili.