Je, Wajua? Ngara, Njia Panda ya Masimulizi

Ntobeye ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Mhangaza wa Ngara na Mrundi husikilizana bila mkalimani, ndiyo maana habari inayosemwa ng'ambo hupokelewa huku kama ya nyumbani. Watawala wamelijua hilo tangu zamani.

Je, wajua kwamba simulizi iliwahi kurudisha ardhi? Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji ziligawana makoloni ya Mjerumani. Waingereza wakachukua Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wakiwaza reli. Mfalme Musinga na wamisionari wakalalamika kwamba ufalme umekatwa vipande, na ilipofika 1923 ikaamuliwa Gisaka irudi Rwanda. Bugufi, iliyokuwa ya ufalme wa Burundi, haikurudi. Leo ni sehemu ya Ngara.

Je, wajua kwamba Idi Amin alipigana redioni pia? Majeshi yake yalipovamia kaskazini mwa mkoa huu mwishoni mwa Oktoba 1978, Redio Uganda ilijigamba kuwa eneo limetwaliwa kwa dakika 25. Tanzania ilijibu mashambulizi, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

Je, wajua kwamba redio iliua, na redio nyingine ikatuliza? RTLM ya Rwanda, iliyoanza 1993, ilichochea mauaji ya kimbari. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Redio Kwizera hapahapa Ngara, kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa jijini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la *Kangura*.

Je, wajua kwamba mataifa makubwa yaligombea sikio la Mswahili? BBC ilianza matangazo ya Kiswahili Juni 1957. Redio ya Cairo ilikuwa imeitangulia mwaka 1954, ikiwashambulia wakoloni wa Kiingereza. Redio ya Beijing ikaingia 1961. Mwaka 2011 Wachina walibadili mbinu: televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia yao, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, waigizaji wakizungumza Kiswahili.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ilicheza mchezo huo? Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini muda wa kuzungumza na watu wao, na jina la nchi likavuma kusini mwa Afrika.

Basi msomaji, ukifungua redio jioni, jiulize mambo mawili: nani analipia matangazo haya, na anataka niamini nini?