Ndege ya Mtumba Kabla Haijapaa



Kuanzia mwaka 2007 Warundi wengi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walihamishwa kutoka kambi za Tanzania kwenda Marekani, na Wakongo wengi wakafuata baadaye. Watoto wa ndugu zetu hao wamekulia huko, na wanaiga michezo ya huko. Mmoja ni huu wa kurusha ndege ndogo inayoongozwa kwa rimoti. Mpya ni ghali, basi kijana ananunua ya mtumba iliyolala gereji miaka kumi, anafuta vumbi, na jioni hiyo hiyo anataka kuirusha. Mwenye mpwa au mjukuu kule amwambie: ngoja kwanza, mwanangu.

Ndege ya kujifunzia unaitambua kwa bawa lake. Limekaa juu ya mwili, na ncha zake zimeinuka kidogo ili ikilala upande ijirudishe yenyewe. Ile ya kawaida ya injini ya mafuta ina kama mita moja na nusu toka ncha hadi ncha, na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Jamani, kilo mbili na nusu zikikujia kwa mwendo wa pikipiki, hiyo si toi tena.

Aanze na betri. Za zamani huonekana zimejaa, kumbe zinakwisha baada ya dakika chache, na zikikwisha angani ndege haisikii tena. Dawa ni kununua nyingine. Mipira inayofunga bawa nayo itupwe, kwa sababu mafuta huilegeza. Vimipira vya tangi vikikakamaa, vibadilishwe. Propela, yaani lile feni la mbele, ikiwa na ufa hata mdogo isigundishwe gundi. Inunuliwe mpya, na injini ikiwaka mtu akae nyuma yake. Vidole havina spea.

Sasa tuje kwenye uzani, maana hapa ndipo ndege nyingi hufia. Tangi likiwa tupu, inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sehemu iliyo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima toka ukingo wa mbele. Inatakiwa itulie sawa, au iinamishe pua kidogo tu. Pua ikiwa nzito, ndege inakuwa mvivu lakini inaongozeka. Mkia ukiwa mzito, haishikiki kabisa. Watoto wa hapa kambini mnaweza kujionea. Tengenezeni ndege ya karatasi ngumu, bandikeni udongo kidogo puani, irusheni. Kisha hamishieni udongo ule mkiani. Mtaiona inanyanyua pua, inasimama hewani kama imesahau kitu, halafu inaanguka kinyumenyume.

Jambo la pili linaloua ndege ni waya zilizochomekwa kinyume. Mtu akifungua na kufunga tena, kulia kunaweza kuwa kushoto. Simama nyuma ya ndege. Sukuma kijiti cha bawa kulia: kibao cha bawa la kulia lazima kipande, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti cha kupandisha kuelekea kwako: kibao cha mkiani kipande. Ikiwa kinyume, angani mrushaji atakuwa anarekebisha na kumbe anaongeza kosa, na ardhi haimsubiri. Halafu avute kila kibao kwa vidole, aone kama bawaba zinashika.

Rimoti za zamani za kule zilitumia megahezi 72, zenye chaneli 50 za ndege. Watu wawili wakiwasha chaneli moja, ndege inaanguka. Za siku hizi za gigahezi 2.4 hazina shida hiyo. Kwa ile ya zamani, kunja antena, mwenzako ashike ndege, wewe uondoke kama mita 30. Vibao vitii bila kutetemeka, injini ikiwa imezimwa na tena ikiwa inawaka.

Sheria nayo ipo. Anayerusha ndege ya zaidi ya gramu 250 hujiandikisha kwa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Ni dola 5 kwa miaka 3. Mtoto chini ya miaka 13 huandikishiwa na mtu mwenye umri huo au zaidi. Pia kuna mtihani wa usalama, wa bure.

Siku yenyewe aende uwanja wa klabu, palipo na mwalimu. Rimoti mbili huunganishwa kwa waya, na mwanafunzi akibabaika mwalimu huchukua usukani hapo hapo. Mwalimu apaishe yeye kwanza, pua ikitazama upepo, na asimpe kijana kijiti mpaka ndege iko juu vya kutosha. Ikishatua, mafuta yapanguswe na betri zirudi kuchajiwa kabla ya mzunguko wa pili.