Kengele ya Moto: Nani Anakesha Sisi Tukilala?

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Leo tunaanzia Kamwokya, Kampala. Kando ya Barabara ya Kira, karibu na Makumbusho ya Uganda, kuna maghorofa. Ukiingia ndani zaidi, unakuta vyumba vya kupanga vimebanana, bati likigusa bati, kama huku kwetu kambini.

Siku ukiingia kwenye ghorofa la ofisi, inua macho darini. Unaweza kuona kifaa cheupe cha duara, kama kifuniko cha sufuria ndogo. Hicho ni kitambua moshi.

Kinafanyaje kazi? Ndani yake kuna taa ndogo na jicho la kupokea mwanga, lakini taa haimuliki upande wa jicho. Moshi ukiingia, unatawanya mwanga. Sehemu yake inalifikia jicho, na kifaa kinajua kuna hatari. Jikoni, ambako moshi ni wa kila siku, huwekwa kifaa cha kutambua joto. Na ukutani kuna kisanduku chekundu: mtu akiona moto, anakibonyeza kwa nguvu.

Vyote hivi hupeleka habari kwenye sanduku kuu. Sanduku hilo huonyesha moto uko upande gani, kisha hupiga king'ora jengo zima. Lina betri pia, maana umeme ukikatika lazima liendelee kukesha.

Kwa nini sauti? Kwa sababu aliyelala huenda asiamshwe na harufu. Moshi unaweza kumzidi nguvu kabla hajafumbua macho.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 2022, moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Watu 11 walifariki, wengi wao watoto. Mtoto asiyeona hawezi kutegemea mwanga wa moto umwonye. Anahitaji sauti ya kumwamsha, mkono wa kumwongoza na mlango unaofunguka.

Utaniambia: mimi sina hata dari, sembuse king'ora. Ni kweli. Lakini mitambo ile yote ina kazi tatu tu, na tunaweza kuzigawana.

Kwanza, kutambua. Majirani wapeane zamu ya kukesha, hasa wakati wa kiangazi na upepo mkali.

Pili, kutangaza. Kubalianeni ishara moja, filimbi au sufuria inayogongwa. Isitumike kwa jambo lingine lolote.

Tatu, kutoka. Usimfungie mtoto ndani kwa kufuli. Ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na wote. Njia kati ya nyumba isizibwe kwa kuni wala mitungi. Na mpange mapema: nani atambeba bibi? Nani atamgusa asiyesikia?

Onyo moja, mama na baba. Kitambua moshi hakitambui hewa ya sumu ya makaa, ile isiyo na harufu wala rangi. Usilale na jiko linalowaka ndani, hata kukiwa na baridi.

Ukiwa Uganda, piga 999 au 112. Na usiku huu, kabla hujazima redio, waulize wa nyumbani kwako: ishara yetu ni ipi?

[Muziki wa kufungia]