Chumvi, Upepo na Taka: Jinsi ya Kulinda Mashine ya Nje ya Kiyoyozi

Katika maeneo ya Diani, Ukunda, Tiwi na Msambweni, kiyoyozi si kifaa cha hoteli pekee. Kinapatikana pia katika nyumba za kupangisha, afisi, maabara na maduka ya dawa. Dawa nyingi huandikwa kwenye pakiti kwamba zihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 za selsiasi, ilhali joto la mchana katika miezi ya Februari na Machi hapa Pwani hupita nyuzi 30. Kiyoyozi cha duka kama hilo kikiharibika, hasara si ya mwenye duka peke yake. Mgonjwa naye huenda akauziwa dawa iliyopungua nguvu.

Wengi husafisha sehemu ya ndani kwa sababu wanaiona kila siku. Mashine ya nje husahaulika hadi siku itakapozima.

Kazi ya mashine ya nje

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huondoa joto chumbani na kulitupa nje. Gesi iliyobeba joto hilo hupita katika mabomba ya shaba yaliyozungukwa na vibati vyembamba vya alumini, na feni hupitisha hewa katikati yake. Hewa isipopita vizuri, joto halitoki. Kompresa hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, bili ya umeme hupanda, na mwishowe kompresa yenyewe huungua. Hicho ndicho kipuri cha bei ya juu zaidi katika mashine nzima.

Chumvi ya bahari

Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi. Yanapotua kwenye mashine, chumvi hubaki. Mahali ambapo alumini inagusana na shaba, maji ya chumvi huifanya alumini iliwe haraka. Dalili ya kwanza ni unga mweupe juu ya vibati. Baadaye vibati humeguka kwa kuguswa tu. Misumari na vyuma vya kushikilia mashine ukutani navyo hupata kutu, na mashine nzito inaweza kuanguka juu ya mtu.

Dawa ya chumvi ni maji baridi. Nyumba zilizo karibu na ufuo zinafaa kusuuza mashine ya nje angalau mara moja kwa mwezi, na zilizo mbali na bahari kila baada ya miezi mitatu hivi. Zima umeme kwenye swichi kuu ya kiyoyozi kwanza, kisha mwagia vibati maji kwa upole. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwa kuwa nguvu ya maji hupinda vibati na kuziba njia ya hewa. Usielekeze maji kwenye kisanduku cha nyaya.

Yako maji yasiyofaa. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Kusuuza mashine kwa maji hayo ni kuongeza tatizo linalokusudiwa kuondolewa. Tumia maji ya mfereji yasiyo na chumvi, au maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa.

Mahali pa kuiweka

Pepo za kusi huvuma kutoka upande wa kusini kati ya Aprili na Septemba, na kaskazi huja kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Ikiwezekana, mashine iwekwe upande wa nyumba usiotazama bahari, ili ukuta uwe ngao yake. Iachiwe nafasi ya takriban sentimita 30 nyuma, na mbele ya feni pasiwe na kizuizi chochote kwa mita moja au zaidi. Vipimo kamili vimo katika kitabu cha mtengenezaji.

Mashine isikae juu ya udongo. Mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba 2023 zilileta mafuriko katika sehemu kadhaa za Pwani. Mahali panapotuama maji, mashine ifungwe ukutani au iwekwe juu ya jukwaa la saruji linalopita kiwango cha maji.

Taka, wanyama na wadudu

Majani membamba ya mvinje, makuti, nywele za wanyama na vumbi la barabara za murramu hunasa kwenye vibati. Yaondolewe kwa brashi laini, kufuata mstari wa vibati. Mashine isiwekwe chini ya mnazi: nazi moja inatosha kuvunja feni. Matawi yaliyo karibu yakatwe, kwani ndiyo njia ya tumbili na kima. Wanyama hawa huweza kuchana sponji nyeusi inayofunika mabomba. Mijusi na sisimizi huingia kwenye kisanduku cha umeme na kusababisha shoti, hivyo matundu ya nyaya yazibwe vizuri.

Je, ifunikwe?

Kuivika mashine nailoni au turubai ikiwa inafanya kazi ni kosa kubwa, kwa sababu joto hukosa pa kutokea. Mashine hizi zimeundwa kustahimili mvua. Hata ikiwa imezimwa, nailoni hufungia unyevu ndani, na panya hupata makao. Kinachofaa ni kipaa kidogo cha kuzuia jua na vitu vinavyoanguka, huku pande zote zikiachwa wazi.

Upepo mkali ukitangazwa

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa katika pwani ya Kenya. Tahadhari kama hiyo ikitolewa, zima kiyoyozi, kaza nati za vishikio, na uondoe mabati, mbao na viti vinavyoweza kupeperushwa. Umeme ukikatika na kurudi, subiri angalau dakika tano kabla ya kukiwasha. Mashine iliyozama majini isiwashwe kabisa kabla ya kukaguliwa na fundi.

Kazi ya fundi

Mwenye nyumba anaweza kusuuza, kufagia na kukata matawi. Kufungua kisanduku cha umeme au kujaza gesi ni kazi ya fundi aliyehitimu. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Fundi anayejaza gesi kila msimu bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Mteja ana haki ya kuonyeshwa tundu hilo kabla ya kulipa.