Mikwaruzo ya gari jeusi: nilimlaumu kijana wa kuosha, kumbe mkono ni wangu

Usiku wa kuamkia Idi, miaka miwili nyuma, niliingia kituo cha petroli kuongeza mafuta. Gari langu ni Toyota nyeusi, na jioni hiyo ilikuwa imetoka kuoshwa. Nikashuka, nikatupa jicho kwenye boneti chini ya zile taa nyeupe, moyo ukanipasuka. Kuzunguka taswira ya kila taa palikuwa na utando kama wa buibui, mistari myembamba isiyo na idadi, imejipanga duara duara. Mchana sikuwa nimeiona. Chini ya taa ilikuwa kana kwamba mtu amelisugua gari kwa waya wa kuoshea sufuria.

Siku ya pili ya Idi nilikwenda pale ninapooshesha. Kijana aliyekuwa akiliosha nilimjua kwa sura na kwa adabu yake, alikuwa akiniita ami. Nilimgombeza mbele ya wenzake na mbele ya wateja. Mwenye eneo, asitake kunipoteza, akaniambia nitengeneze gari kisha gharama atamkata kijana kidogo kidogo. Nikakubali. Wiki haikuisha, kijana akaondoka. Niliambiwa hakupenda kufanya kazi ya kulipa deni asilolijua.

Nimeanza na hilo kwa sababu ugomvi huu nauona hadi leo kwenye sehemu za kuoshea magari hapa Mombasa. Mwenye gari jeusi, la buluu iliyoiva au la kijivu cha makaa anaona mikwaruzo, na wa karibu zaidi wa kulaumiwa ni yule mwenye sponji mkononi. Wakati mwingine ndiye kweli. Mara nyingi mambo yamechanganyika.

Fundi wa rangi niliyempelekea gari yuko Shimanzi, mtu aliyepuliza rangi tangu ujana wake. Hakuniuliza gari linaoshwa wapi. Alilisogeza kivulini, akawasha tochi ya simu, akaitembeza taratibu juu ya boneti, milango, halafu paa. Kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, gari hili nani hulipangusa asubuhi?"

Nikamwambia mimi mwenyewe. Nikitoka msikitini alfajiri nalikuta lina vumbi, nachukua fulana kuukuu iliyo kiti cha nyuma, nalipangusa kabla ya kwenda kazini. Akaniuliza nasimama upande gani. Nikamjibu, wa dereva, upande wa pili uko karibu na ukuta.

Akanionyesha paa. Nusu ya upande wa dereva ilikuwa imejaa mikwaruzo. Inapoishia urefu wa mkono wangu, palikuwa karibu safi. Mwoshaji huzunguka gari lote. Mimi sikuwa nikizunguka.

Sasa niueleze ufundi wenyewe kama nilivyofunzwa na yeye na kwa kusoma kwangu baadaye.

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Chini ni bati, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na juu ya yote kuna tabaka lisilo na rangi, angavu kama kioo, ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'ao wote unaousifu kwenye gari ni wa klia, na mikwaruzo hii midogo iko ndani ya klia, haijaifikia rangi. Unene wake ukitoka kiwandani kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 60 hivi. Mikroni ni milimita moja ikigawanywa mara 1,000. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina mikroni kama 100. Kwa hivyo kile nilichokuwa nikikisugua kwa fulana yenye mchanga kila alfajiri kina unene wa nusu ya karatasi.

Mkwaruzo ni mfereji mdogo uliochimbwa humo na chembe ya mchanga. Kingo zake hutawanya mwanga. Kwenye gari jeupe mwanga huo hupotelea katika weupe, lakini kwenye jeusi unaonekana kama chaki ubaoni. Ndiyo maana jirani yangu mwenye gari jeupe hupangusa kila siku na hana habari. Gari lake limekwaruzika vilevile, ila rangi inamsitiri.

Na zile duara? Watu wengi, mimi nikiwemo, hudhani zimetokana na mkono unaozungusha kitambaa. Si lazima. Mikwaruzo huwa imekwenda kila upande, juu, chini na mshazari, ila jicho huona tu ile iliyolala ikiuzunguka mwanga. Jaribu usiku: washa tochi ya simu juu ya boneti, kisha isogeze. Utaona duara linahama na tochi. Lingekuwa limechorwa pale kwa kitambaa, lingebaki palepale.

Ikiwa hilo limeeleweka, linalofuata halitakushangaza. Hakuna dawa inayofuta mkwaruzo. Kinachoondolewa ni klia inayouzunguka, mpaka usawa wake ushuke ufike chini ya mfereji. Ni kama seremala anayepiga randa meza iliyochorwa kwa kisu. Kisu hakirudishi mbao, ila meza yote inapungua hadi mchoro unapotea. Kila ukilibafu gari, umelipunguzia klia mikroni kadhaa, na hazirudi. Aidha klia ndiyo yenye kinga ya jua. Ikikonda sana, jua la Pwani huimaliza. Yale magari unayoyaona paa limebabuka mabaka meupe, klia inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, mengine ni ya uzee na mengine ni ya kubafuliwa kila mwaka.

Kwa hivyo kabla ya kumwachia mtu mashine, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mfereji ni wa kina, huo ni wa ufunguo au msumari, na kuusawazisha kutamaliza klia. Huo unahitaji kupuliziwa rangi au kuvumiliwa. Ukucha ukipita bila kuhisi kitu, kazi inawezekana. Fundi mzuri pia huwa na kipimo cha kielektroniki cha unene wa rangi. Juu ya bati, rangi ya kiwandani kwa jumla, tangu praima hadi klia, mara nyingi husoma kati ya 100 na 150, kutegemea gari. Ukisoma 300 mlango mmoja, mlango huo umepuliziwa upya. (Mnaonunua magari ya mkono wa pili, hilo liwekeni akilini, lina faida hata bila mikwaruzo.) Na kama gari ni la zamani, la rangi isiyo ya metaliki, sugua polishi kidogo mahali pa siri kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheusi, halina klia, unakula rangi yenyewe.

Kazi ya fundi ilichukua siku nzima, na sehemu kubwa haikuwa ya mashine. Aliliosha gari kwanza. Likiwa safi akaniambia nivae mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kama bado ninao tangu marufuku ya 2017, nipapase boneti. Vidole nilivyoamini vimegusa kioo vilihisi chengachenga kama za sukari. Ni uchafu ulioganda: vumbi la chuma la breki, simenti, utomvu, na kwetu hapa ongeza chumvi. Aliuondoa kwa kipande cha udongo maalumu kama wa kuchezea watoto, akikiteleza juu ya maji ya sabuni. Ukiweka mashine juu ya uchafu huo, unausaga ndani ya klia.

Kisha akabandika utepe wa karatasi kwenye kingo za milango, mikunjo ya boneti na pembeni mwa taa. Kwenye kingo klia huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo wanagenzi hutoboa. Halafu akachagua mraba mmoja wa boneti, kama nusu mita kwa nusu mita, akaanza na polishi laini na sponji laini. Akaangalia kwa tochi. Mikwaruzo ilipungua, haikuisha. Akapanda ngazi moja, kompaundi yenye makali kidogo, mraba uleule, akaangalia tena. Hiyo ikatosha, ndipo akaitumia gari zima na kumalizia kwa ile laini. Anayeanza moja kwa moja na kompaundi kali anakula klia bila sababu.

Mashine nazo si moja. Ile inayozunguka kwa mhimili mmoja, yenye sura ya grainda, hukata upesi na kupasha moto upesi. Mkononi mwa mjuzi ni baraka, mkononi mwa mwingine huunguza rangi, au huacha mawimbi yanayoonekana juani kama mafuta juu ya maji. Ile inayozunguka huku ikiyumba haina haraka, lakini ni vigumu kuharibu nayo. Ukitaka kujifunza mwenyewe, anza na hiyo, kivulini, bati likiwa limepoa. Kwa mkono mtupu inawezekana kupunguza mikwaruzo myepesi ya sehemu ndogo, kama pale kwenye kitasa cha mlango ambapo kucha na pete hugusa. Gari zima kwa mkono utachoka kabla halijabadilika. Dawa ya meno ina chembe za kusugua kweli, ila zilipimwa kwa ajili ya meno. Iache bafuni.

Lipo jambo linalowaponza wengi. Unaweza kulipia "kubafu" ukatoka na gari linalong'aa kama jipya, na baada ya wiki tatu utando ukarudi wote. Mikwaruzo hiyo haikurudi, haikuwa imeondoka. Ulipakwa kitu chenye mafuta kilichojaza mifereji, na kila mvua na sabuni zikakitoa. Wanaopangusa kwa mafuta ya taa wanafanya hilohilo kwa bei nafuu. Kabla hujalipa, mwombe fundi apanguse sehemu moja kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kisha muangalie wote kwa tochi. Anayeikataa tochi amekwisha kukujibu. Nta hupakwa mwisho, ikiwa kinga. Mkwaruzo haiuondoi.

Baada ya hapo kilichobaki ni kuosha, na hapo ndipo mikwaruzo huzaliwa. Maji hutangulia mkono. Mwagia gari tangu paa hadi chini, vumbi liondoke lenyewe kabla hujaligusa. Wakati wa kaskazi, barabara zikiwa kavu na malori yanapita na mawe na simenti, vumbi hilo ni msasa. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni, ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kikitoka kwenye gari. Kwenye ndoo moja mchanga wa gari lililopita na la kabla yake bado umo, na hili ndilo kosa la kweli la sehemu nyingi za kuoshea. Anza juu, malizia chini, na kitambaa kilichogusa tairi kisirudi kwenye mlango. Sabuni ya unga ya kufulia hukausha nta yote, tafuta shampuu ya gari. Kukausha, laza taulo ya maikrofaiba juu ya maji kisha iinue.

Maji ya kisima yetu yana chumvi. Yakikaukia juani huacha madoa meupe, na yakiachwa siku nyingi doa huila klia. Ndoo moja ya maji ya mfereji au ya mvua ya kusuuzia mwisho inatosha. Kinyesi cha kunguru kitoe mapema, kwa kukilowesha, si kwa kukikwangua. Ama vumbi la asubuhi, liache. Gari lenye vumbi halijaharibika.

Nilimtafuta yule kijana kwa karibu mwezi mzima. Msamaha wa Mola tunauomba usiku na mchana, lakini haki ya mja iko kwa mja mwenyewe, na nilikuwa nimemvunjia heshima kadamnasi. Mwenzake akanielekeza Likoni. Nikavuka feri, nikamkuta anaosha tuktuk kando ya barabara. Nilimwambia nilichoonyeshwa na fundi, nikamwomba radhi mbele ya waliokuwapo, nikampa fedha alizokuwa amekatwa. Alizipokea, akazitia mfukoni bila kuzihesabu.

"Ami," akaniuliza, "ile fulana ya kiti cha nyuma bado unayo?"

Alikuwa akijua siku zote. Nikamuuliza mbona hakusema siku ile. Akasema alisema, mimi nikamwambia asinifundishe gari langu.

Sasa huvuka kila Jumamosi kuja nyumbani kwangu na ndoo zake mbili. Bei ameipandisha, na sijagomba.